Mama Mkwe Kwenye Kamati ya Maji

Baraza langu la kwanza nikiwa afisa wa jinsia lilikuwa karibu na Matasia. Chifu alinipokea vizuri, akanipa mkono, kisha akatazama nyuma yangu. Akatazama ndani ya gari. Akamuuliza dereva kwa sauti ya chini, "Na huyo mama wa jinsia anakuja na gari ingine?" Dereva akaninyooshea kidole. Chifu akanikagua kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Aii. Pole sana."

Naitwa Nzioka. Nilisomea maendeleo ya jamii nikitarajia kujenga vyoo na kuwahimiza watu wanawe mikono. Siku moja barua ikaja kwamba meza ya jinsia Kajiado haina mtu, na kwa kuwa mimi sikuwa mtu wa kelele, nikaketishwa hapo. Nilipomwambia mke wangu nyumbani Kitengela, alicheka mpaka akatua sufuria. "Wewe? Wewe ambaye hujui hata sukari inakaa wapi?" Nilijitia kukasirika, nikaenda jikoni kumwonyesha. Sukari niliipata baada ya dakika kumi, ndani ya mkebe ulioandikwa majani ya chai.

Sasa nimestaafu, na mapera yangu yananihitaji kuliko ofisi. Lakini nasikia mmoja wenu, nyinyi vijana mlioingia juzi, alizomewa barazani akarudi ofisini akilia. Ndiyo maana naandika. Mimi pia nilizomewa. Nilizomewa na wazee, na waendeshaji wa bodaboda, na mara moja nilizomewa na kwaya.

Kazi nilifundishwa na Bi. Wanjiru, bosi wangu, mwanamke mfupi aliyekulia sokoni akiuza viatu na babake, na aliyebeba mkoba mkubwa wenye kalamu nene, utepe, pini, dawa ya kichwa na leso mbili. Nilipomsomea hotuba yangu ya kwanza, iliyoanza na katiba na jinsia moja kutozidi theluthi mbili, alisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Na watakaa wapi?" Sikuelewa. "Wanaume huketi kwenye viti, wanawake kwenye nyasi," akasema. "Wewe utasimama hapo useme wako sawa, na kila mtu anaona hawako sawa. Anza na viti, Nzioka."

Nikaanza na viti. Nilifika mapema, nikapanga viti vya plastiki kwa duara zuri, nikawaomba kina mama waketi kwanza. Wazee walipofika hawakugombana na mtu. Mmoja alichukua kiti chake akakipeleka kivulini. Wa pili akamfuata. Kufikia wakati wa maombi, duara langu lote lilikuwa limehamia chini ya mti mita thelathini mbele, wanaume tupu, na mimi nimebaki juani na kina mama wanne na kalamu nene. Siku hiyo nilijifunza kupanga viti palipo na kivuli.

Maswali nayo mtaulizwa. Rongai, mwanamume mmoja aliyetoka kazini amechoka aliniuliza kama hiyo theluthi yake ni pamoja na kunyonyesha. Nilimjibu kwamba sheria haijafika hapo. Watu walicheka, naye akacheka, tukaendelea. Mtu akikuuliza swali la kijinga, mjibu kana kwamba ni la maana, maana mara nyingi chini yake kuna woga wa kweli, na huyo hakuwa mtu mbaya.

Sasa niwaeleze habari ya kisima.

Kijiji chenye kisima hicho kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka mji wa Kajiado. Jina lake naliacha, kwa sababu watu wake bado wananisalimia. Kisima chenyewe kilikuwa cha kuchimbwa kwa mashine, chenye tangi, mifereji minne ya watu na birika refu la kunyweshea ng'ombe. Vyote vilikuwa ndani ya ua mmoja, lango moja, kufuli moja na ufunguo mmoja. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mzee Koikai, mwenyekiti wa kamati ya maji, katikati ya shanga zake. Alifungua lango ng'ombe wake walipofika, yaani mnamo saa nne. Kina mama na wasichana walikuwa wamepanga mitungi hapo nje tangu alfajiri. Ng'ombe wakinywa wakatosheka, ndipo watu walichota.

Siku niliyofika mara ya kwanza, mama mmoja mrefu wa miaka sitini na kitu alikuwa ameketi juu ya mtungi wake. Nilimsalimia kwa Kimaa changu cha kuokoteza, akaitikia bila kunicheka, jambo ambalo ni nadra. Aliitwa Mama Nasieku. Kando yake alisimama msichana aliyevaa sare ya shule.

"Afisa, iko na saa?" akaniuliza.

"Saa tatu na nusu, mama."

"Huyu ni mjukuu wangu Nashipai. Ako gredi ya saba. Shule inaanza saa mbili. Mwalimu amesema akichelewa tena, akae nyumbani. Na wewe unajua msichana akishazoea kukaa nyumbani hapa, ni nini inafuata."

Nilijua. Msichana wa umri huo akionekana nyumbani mchana kutwa, wageni huanza kuja kumuulizia. Nashipai alikuwa ameshika kitabu cha hisabati, akifanya hesabu juu ya goti, na sitasahau alivyokuwa akiinua macho kila dakika kutazama lango. Hakuna aliyeniambia babake ni nani, nami sikuuliza. Kosa langu lilianzia hapo.

Nilikwenda kwa katibu wa kamati kuomba orodha ya wanachama. Watu tisa, na kati yao wanawake watatu, sawasawa na sheria. Nilifurahi sana, nikaomba kuwaona hao watatu. Wa kwanza alikuwa mamake katibu, ambaye alikuwa amefariki miaka minne kabla. Wa pili alikuwa ameolewa Loitokitok na hajarudi. Wa tatu hakujulikana na mtu, mpaka mzee mmoja akakumbuka kwamba hilo ni jina la ng'ombe wa katibu.

"Lakini ni jike," katibu akajitetea.

Basi nikaitisha uchaguzi upya. Kina mama walijitokeza wengi, Mzee Koikai akabaki mwenyekiti, na Mama Nasieku akachaguliwa naibu wake. Hata wazee kadhaa waliinua mkono, kwa kuwa kwao naibu ni mtu wa kupewa soda wakati wa mgeni. Jina lake lilipotajwa kulikuwa na minong'ono, na Mzee Koikai akavuta shuka yake akageukia vilima. Nilidhani ni hasira ya kupewa naibu mwanamke. Nilirudi ofisini nikaandika ripoti ya kurasa nne, ya kujisifu mwanzo hadi mwisho.

Mkutano wa kwanza wa kamati mpya ulifanyika katika darasa la chekechea. Mzee Koikai alikuwa ameketi mbele, rungu magotini. Mama Nasieku alipotokea mlangoni, mzee yule alisimama, akatazama huku na huku, na kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja na ulikuwa na mama, akatokea dirishani. Dirisha lile lilijengwa kwa kuwafikiria watoto wa miaka minne. Shuka ilinasa, rungu likaanguka ndani, na kwa muda mrefu kuliko inavyofaa sote tulitazama miguu ya mwenyekiti wetu ikitafuta ardhi upande wa pili.

Nilisimama kwa hasira, nikaanza kusema kuhusu dharau kwa viongozi wanawake. Katibu aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwa furaha tele, "Afisa, huyo mama amezaa bibi ya mwenyekiti."

Kwa Wamaasai, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Hali chakula mbele yake, haketi karibu naye, hamkazii macho, na kamwe hampandishii sauti. Huitana Paker, jina linalotokana na kondoo ambaye mkwe humtolea. Mimi nilikuwa nimewaketisha katika chumba chenye picha za bata ukutani, kiti kwa kiti. Na aibu kubwa zaidi, mimi ni Mkamba! Kwetu mambo ni hayo hayo. Mama mkwe wangu alipotutembelea Kitengela nilijificha nyuma ya tangi la maji mpaka chai ikapoa. Lakini nilipobeba kalamu nene na utepe, niliyasahau yote, kana kwamba mila ni ya watu wengine na mimi nilizaliwa ndani ya semina.

Wiki iliyofuata barua ya wazee ilifika ofisini ikiwa na alama za vidole gumba ukurasa mzima. Ilisema nimevunja heshima ya jamii, nataka wakwe wale sahani moja na mama wakwe zao, na hatua inayofuata nitawavalisha wazee aproni. Waliomba nihamishiwe Loitokitok, au mbali zaidi kama kuna mahali. Suluhisho waliloliona ni moja: mama ajiuzulu. Pale stendi ya Kajiado, waendesha bodaboda waliipata habari kabla yangu. "Mama Jinsia! Panda tukupeleke, lakini usituletee mama mkwe!" Nilicheka nao, nikafika nyumbani nikakosa hamu ya kula. Iliniuma. Nilikuwa nimempa mwanamke kiti kisha nikampa kila mtu sababu ya kumwondoa.

Nikaenda kwake kuomba msamaha. Nilimweleza kwamba kosa ni langu, sikuuliza ukoo, na kama angependa kuacha nafasi kwa heshima, ningeandika barua ya kumshukuru.

Alinitazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyeingia nyumbani.

"Afisa, unafikiri nilikuwa nimesahau nimezaa nani?"

"Hapana, mama."

"Nashipai ni mtoto wa Koikai. Mimi nimesimama kwa hiyo kiti nikijua. Hii kamati iko na wazee sita. Watano wanaweza nipigia kelele mpaka jioni. Mmoja tu hawezi." Akakoroga chai. "Na huyo mmoja ndiye iko na funguo."

Nilirudi Kajiado nikiendesha polepole. Bi. Wanjiru alikuwa na ile barua mezani na alikuwa anaisoma kwa mara ya pili, kwa starehe. Nilimwambia mkutano hauwezekani, kwa sababu hawa wawili hawawezi kuketi pamoja.

"Umeniambia mara tatu kwa nini haiwezekani," akasema. "Hujaniambia umeuliza inawezekana namna gani. Hawa watu wanaoza watoto, wanazika, wanagawana mifugo. Unataka kuniambia tangu dunia iumbwe, mkwe na mama mkwe hawajawahi kuwa na shauri moja? Rudi ukaulize wamama wazee."

Niliwauliza. Walishangaa kwamba mtu wa serikali halijui jambo dogo hivyo. Anakaa huku, yule anakaa kule, wasionane, na mtu mwingine hubeba maneno. Ni hivyo tu.

Mkutano ukaitishwa kisimani. Mama Nasieku aliketi nyuma ya tangi. Mzee Koikai aliketi upande wa birika, wajumbe wengine wakakaa katikati, na watu wa kijiji wakajaa kando. Mbeba maneno nikawa mimi, kwa sababu wazee walisema aliyeleta tatizo atembee nalo. Kati ya tangi na birika ni hatua ishirini.

"Mwambie Paker nimemsalimia," akaanza Mzee Koikai.

Nikatembea. "Mwenyekiti anakusalimia."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie ng'ombe wako aje?"

Nikarudi. Ng'ombe walikuwa wazima. Mbuzi je? Walikuwa wazima. Mvua je? Hakuna. Salamu peke yake zilinimaliza soli ya kiatu. Hatimaye nilipofika nyuma ya tangi mara ya nane au tisa, Mama Nasieku akasema neno lake, taratibu, ili niweze kulibeba bila kumwaga.

"Mwambie lango ifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wachote, waende shule. Ng'ombe wakuje saa mbili."

Nililifikisha. Wazee wakafoka kwa pamoja. Ng'ombe wangoje mitungi? Tangu lini? Mzee wa rika moja na Koikai akapiga ardhi kwa fimbo: "Koikai, jibu! Wewe si mwanaume?"

Koikai alijifuta jasho kwa shuka. "Mnataka nibishane na mama ya bibi yangu mbele ya watu wote?" akasema. "Nyinyi ndio mtaniombea msamaha? Afisa, mwambie Paker nimesikia."

Kwa wale ambao hamjafanya kazi na kamati, nimesikia si nimekubali. Lango liliendelea kufunguliwa saa nne. Mikutano miwili ikapita hivyo, mimi nikitembea, yeye akisikia. Nashipai alirudishwa nyumbani siku tatu. Nilipita nikamwona ameketi mlangoni kwa nyanyake na kile kitabu cha hisabati, na mama mmoja jirani akaniambia bila kuulizwa kwamba kuna mzee wa upande wa pili ameanza kuuliza msichana ana miaka mingapi.

Katika mkutano uliofuata, katibu alisimama na karatasi. Alipendekeza kanuni mpya: wakwe wasikae katika kamati moja. Aliisoma kwa Kiswahili kizuri, akataja heshima mara saba. Wazee waliinua mikono yote miwili. Nilielewa mara moja inamlenga nani, maana ile barua ya malalamiko dhidi yangu ilikuwa na hoja hiyo hiyo. Nilizitembea zile hatua ishirini kama mtu anayepeleka habari za msiba.

Nyuma ya tangi, Mama Nasieku alinisikiliza.

"Mwambie nimekubali."

"Mama..."

"Mwambie."

Nikaenda nikasema amekubali. Wazee wakapiga makofi, katibu akafungua kalamu aandike jina la anayetoka. Sauti ikaita kutoka nyuma ya tangi, "Afisa! Sijamaliza!" Nikarudi mbio.

"Sasa waulize. Mkwe akikutana na mama mkwe kwa njia nyembamba, ni nani anatoka aingie kwa miiba?"

Nililifikisha swali kama nilivyopewa. Katibu akaacha kuandika. Wazee wakatazamana, kila mmoja akijifanya ana shida ya kukumbuka. Lakini palikuwa na mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amesinzia tangu salamu. Alifumbua jicho akajibu kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Ni mkwe. Mkwe ndiye hutoka. Kwani siku hizi ni nani?"

Kisha mama mmoja kwenye umati akaguna, mwingine akacheka ndani ya leso, na kutoka nyuma ya tangi yakaja maneno mawili ambayo hayakuhitaji mbebaji.

"Basi atoke."

Nilimtazama Mzee Koikai. Nilitarajia hasira. Mkono wake ulipapasa shanga. Wenzake walimsihi kwa macho. Angeweza kukataa kama ingekuwa katiba, au mimi, au mwanamke mwingine yeyote pale. Alisimama, akaivua ile kamba ya ufunguo kichwani. Kumkabidhi mama mkwe mkono kwa mkono hakuweza, kwa hiyo akauweka juu ya ukingo wa birika, akarudi nyuma hatua kumi, akageuza uso kuelekea vilimani. Mama Nasieku akatoka nyuma ya tangi, akatembea polepole bila kumtazama, akauchukua, akaufunga kwenye pembe ya leso yake. Nililia. Aliyeniuliza nilimwambia ni vumbi, lakini nyinyi nawaambia kweli.

Kesho yake sikuweza kukaa ofisini. Nilifika kisimani saa moja asubuhi. Lango lilikuwa wazi, mifereji yote minne inatiririka, na mitungi inasogea. Nje ya ua, ng'ombe wa Mzee Koikai walikuwa wamesimama wakilia kwa kiu na mshangao. Yeye mwenyewe alikuwa mbele yao, ameegemea fimbo, amelipa lango mgongo kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa ndani. Aliponiona akanipungia mkono nisogee.

"Afisa," akaniambia kwa sauti ya chini, macho vilimani. "Hebu niulizie Paker. Hawa ng'ombe wangu, wanaingia saa ngapi?"

Nikaingia ndani nikamuuliza. Mama Nasieku alikuwa ameinama mferejini, ameshika mtungi usiyumbe.

"Mwambie angoje kidogo," akasema. "Binti yake bado anachota."